Magofu Tuliyotembelea na Baba Wini

Wanangu walitaka picha ya pasipoti ikae juu ya jeneza la baba yao. Siku ile ya msiba Wini alikaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu akaniambia, "Mama, tuweke hii, uso unaonekana." Na kweli uso ulionekana, siwezi kumlaumu. Lakini mimi nilitaka ile nyingine, ambayo baba yao amesimama mbele ya ukuta mkubwa wa mawe usio na paa, kofia ameishika kifuani, na mimi niko ubavuni kwake, nimejifunga kanga kichwani juu ya koti la kuazima. Wakasema hapana, marehemu hawekwi na nyumba iliyobomoka nyuma yake, watu watasemaje. Nikawaachia, maana kwenye msiba mjane hashindani na watoto. Sasa wageni wamerudi makwao, na hapa Mshangano nyumba imebaki na sauti ya friji na ya kuku wa jirani. Mimi niliishia darasa la nne. Nimezoea kuandika mistari michache kila siku: mvua imenyesha, mbolea imepanda bei, fulani kaja kunisalimu. Mambo marefu sijui kuyaandika, na nikikosea mahali, anayejua vizuri zaidi anisahihishe, ingawa aliyejua vizuri zaidi ndiye huyo tuliyemzika.

Mwaka ninaotaka kuuandika ni wa enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wajerumani walikuwa wametoka kuvunja ukuta wao, na huku kwetu Songea maduka yalikuwa yameanza kujaa sabuni na vitenge ambavyo nyuma kidogo tulivipangia foleni. Bidhaa zilirudi, na wanaume nao wakarudi, kwa sababu huko walikoajiriwa watu walikuwa wanapunguzwa. Meinrad wangu alirudi kutoka Tunduru, alikokuwa dereva wa lori la korosho. Tangu tuoane alikuwa huko, anakuja Krismasi, anakuja Pasaka, analeta korosho na kanga, anaondoka. Sasa akakaa moja kwa moja katika nyumba yetu ya wakati ule, ya Mjimwema, na mimi nikagundua kwamba simjui. Sikujua kwamba asubuhi hapendi kusemeshwa. Sikujua kwamba anakula haraka hivyo, kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Watu walisema alikuwa na mtu huko Tunduru. Huyo mtu mimi sikumwona, kwa hiyo siandiki kwamba alikuwepo. Naandika kwamba walisema. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba mtoto wetu wa pili alifariki akiwa bado hajaanza kukaa, na baba yake alifika tanga limeshaanuliwa. Alisema habari zilimchelewa, na barabara ya Tunduru wakati wa masika kila mtu anaijua, kwa hiyo huenda ni kweli. Lakini alipofika aliweka mzigo chini, akauliza kama kuna maji ya kuoga. Pole hakunipa, wala siku ile, wala nyingine. Mimi nilingoja.

Nilimwambia waziwazi, mchana, tukiwa tunapukuchua mahindi. Nilimwambia kwamba tukimaliza mavuno narudi kwetu Lusewa. Aliendelea kupukuchua. "Umeshawaambia wenyewe?" akauliza. Nikamjibu kwamba kaka yangu Kastori anajua, atakuja na baba mkubwa kunichukua. Akasema, "Sawa." Neno hilo liliniudhi kuliko angenitukana.

Jumapili iliyofuata, sijui ni ile au nyingine, lilisomwa tangazo baada ya misa. Parokia rafiki ya Ujerumani ilikuwa inaalika mume na mke wenye ndoa ya kanisa, wakakae kwao majira ya joto, waonyeshwe makanisa na ngome za kale, na wao waeleze maisha ya Wakristo wa huku. Halmashauri ya parokia ikatuchagua sisi. Nilikuwa kiongozi wa kinamama wa jumuiya, yeye alikuwa dereva anayejua kusafiri, na mbele ya watu hatukuwahi kugombana. Mtu asiyekuwepo atagombana na nani? Nilikwenda Lusewa kumwambia Kastori kwamba nataka kukataa. Alikuwa anasuka tenga, akaliacha.

"Unakataa ndege kwa sababu ya mume?"

"Wanataka mke na mume, kaka. Sisi tunaachana."

"Mmeshaachana?"

"Bado."

"Basi dada, mtu haachi mume kabla ya ndege. Panda, uone huko, shuka, halafu uache. Mimi na baba mkubwa tutakuja ukisharudi. Lusewa haihami."

Meinrad naye alisema karibu hayo hayo, ila yeye hakucheka. "Mpaka siku utakayosema, bado ni mke na mume. Hatumdanganyi mtu." Nimelifikiria sana hilo, kama tulimdanganya mtu. Nadhani hatukumdanganya. Hakuna aliyetuuliza.

Waliotupokea walikuwa Josef, fundi seremala aliyestaafu, na mkewe Gerda, mama mnene mwenye mikono myekundu ya kazi. Mfasiri wetu alikuwa Padre Anselm, mzee aliyekaa huku kwetu ujana wake wote na kurudishwa kwao kupumzika. Kiswahili chake kilikuwa cha Songea kabisa, na Kingoni alikisikia. Gerda alisoma majina yetu kwenye karatasi akacheka mpaka akakaa chini. Walburga, jina langu, alisema ni jina la bibi yake mzaa mama. Na Meinrad alikuwa mjomba wa Josef, mfuga nyuki, hakuna tena anayempa mtoto jina hilo. Padre akatufasiria, "Wanasema ninyi ndio Wajerumani wa zamani, wao ni wapya." Tangu hapo Gerda alituita kwa majina hayo kutwa nzima, na Meinrad, ambaye miaka yote aliniita Mama Wini, au hakuniita kabisa, akalazimika kusema Walburga mbele za watu. Mara ya kwanza alilisema kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

Chumba chetu kilikuwa juu, chini ya paa, na dirisha lililotazama mbingu. Kulikuwa na vitanda viwili vidogo ambavyo Gerda alikuwa amevisogeza vikagusana, na juu yake shuka mbili nene zilizojazwa manyoya ya bata, kila mtu na yake, zimevimba kama mkate uliochachuka. Usiku wa kwanza nililala ukingoni upande wangu na yeye ukingoni upande wake. Asubuhi tulisikia sauti zikipanda kutoka jikoni. Josef alikuwa anatafuta kitu, Gerda alikuwa anamjibu. Kijerumani hatukujua hata neno, lakini tulikaa vitandani tunasikiliza, na Meinrad, huyu asiyependa kusemeshwa asubuhi, akaanza kunifasiria kwa sauti ya chini.

"Anasema, nilikuambia ujaze mafuta jana."

Mlango wa kabati ukagongwa.

"Anajibu, kila kitu mimi, kila kitu mimi, na wewe kazi yako ni kofia tu."

 Kisha sauti ya Gerda, ndefu, ya taratibu.

"Hapo?" nikamuuliza.

"Hapo anamkumbusha mambo ya mwaka waliooana. Hayo hata mimi siwezi kufasiri."

Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo na ile shuka ya manyoya. Nakumbuka niliona aibu, kama mtu aliyecheka kwenye nyumba anayojiandaa kuihama.

Kila Jumamosi Josef alitutia garini. Tuliona mji wenye malango ya Warumi, tukaona nyumba ya watawa ambayo ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa kukanyagwa, tukaona kanisa kuu lenye mnara ambao ukiutazama shingo inauma. Padre alikuwa anaeleza nani alijenga na nani alichoma. Mengi nimeyasahau, na daftari langu la siku hizo halinisaidii, maana nimeandika viazi, nyama baridi, keki ya tufaha, viazi tena. Ninachokumbuka ni jinsi tulivyotembea. Kwetu mume anatangulia, mke anafuata na mzigo. Sikulalamikia hilo, ndivyo tulivyokua. Lakini kule mzigo haukuwepo, na Gerda na Josef walitembea bega kwa bega, na njia za mawe kati ya zile nyumba zilikuwa na nafasi ya watu wawili. Meinrad alikuwa anatangulia, anageuka, ananiona niko nyuma, anasimama. Kwenye ule mnara wa kanisa alinisubiri kwenye kila kituo cha ngazi, ameegemea ukuta, anajifanya anasoma majina ambayo watu wamechora. Sikumwambia nimeona kwamba ananisubiri. Nadhani naye alijua. Ndiyo maana watu wakiniuliza leo Ulaya ilikuwaje, nashindwa kujibu. Wanataka habari za treni na theluji, na theluji hatukuiona. Mimi ninachokitamani ni ule usumbufu wake wa kujifunza kupunguza mwendo.

Siku moja tukiwa tunakunywa kahawa, Josef aliuliza kama kwetu nako kuna magofu ya kale. Meinrad alifikiri kidogo. "Tuna kaburi," alisema. "Moja, la watu wengi. Babu zetu walionyongwa na Wajerumani wakati wa vita ya Majimaji." Nilimtazama Padre Anselm nione kama atapunguza. Hakupunguza, alifasiri maneno yote kama Meinrad alivyoyasema. Josef aliweka uma chini. Gerda alisema kwamba shuleni hawakufundishwa, na mimi nilimwamini, kwa sababu hata mimi yapo mengi sikufundishwa. Kisha akanikatia kipande kingine cha keki ingawa cha kwanza nilikuwa sijakimaliza. Basi tukala.

Jumamosi iliyofuata, mambo ya kaburi yakiwa bado yamo garini pamoja nasi, tulipanda kilima kwenda kuona ngome. Niliposikia ngome nilifikiri nyumba kubwa yenye mabati mekundu. Tulipofika ilikuwa kuta tu. Paa hakuna, madirisha matupu, mti umeota mahali ambapo Padre alisema palikuwa sebule. Alieleza kwamba ilichomwa kwenye vita, mwenyewe akiwa mbali, na ukoo wake ukaishia hapo. Wazungu wengine walikuwa wanapita wanapiga picha, watoto wao wanalamba barafu. Meinrad alivua kofia. Akatazama huku na huku, akatafuta jiwe la chini, akakaa. Na mimi, bila kuambiwa, nikatoa kanga begani nikajifunga kichwani, nikakaa kwenye majani, miguu nimeinyoosha. Hatukushauriana. Mtu akikuonyesha nyumba iliyoungua na wenyewe wakafa, unafanya nini kingine?

"Padre," alisema Meinrad, "waliofiwa hapa ni akina nani? Tuwape pole."

Padre Anselm alikohoa. "Meinrad, hii ni miaka mia tatu na zaidi."

"Hatukuwa na habari."

"Hakuna aliyebaki, mwanangu."

"Basi huyu aliyetuleta. Si ndiye wa hapa?"

Padre alimgeukia Josef akamweleza, na ilichukua muda. Nilidhani Josef atacheka. Gerda alikuwa ameshaweka mkono mdomoni. Lakini Josef alitutazama pale chini, akavua kofia yake, akaja akakaa kwenye jiwe jirani kwa taabu, maana magoti yake yalikuwa mabovu. Meinrad akampa mkono. Josef akaupokea kwa mikono miwili, akasema kitu. Padre akatufasiria, "Anasema asante. Anasema na ninyi poleni, kwa lile kaburi." Kisha tukakaa kimya, kama inavyokaliwa. Wapita njia walituzunguka kwa heshima, nadhani walidhani ni aina ya sala.

Kwetu anayetoa pole husema maneno machache kabla ya kuondoka. Meinrad alisimama na kofia yake kifuani akasema kwa Kingoni. Nayaandika kwa Kiswahili, na uzito utapungua. Alisema kwamba mwenye nyumba hii alikuwa safarini. Alisema mtu akiwa safarini hudhani nyumba inamngoja ilivyo, na watu wake wamekaa walivyokaa alipowaacha. Akifika na kukuta msiba umekwisha, anaona aibu kulia peke yake wakati wenzake wameshafuta machozi, basi anauliza maji ya kuoga. Padre alikuwa ameanza kufasiri, akaacha katikati. Meinrad akanigeukia. "Walburga," alisema, na safari hii hakulijaribu lile jina, alilisema tu. "Pole na mtoto."

 Ningependa kuandika kwamba nilijibu kitu kizuri. Nilitazama miguu yangu, soksi za Gerda ndani ya viatu vya Gerda. Gerda alimuuliza Padre anasema nini, na Padre, nilimsikia sauti, alijibu neno moja tu. Halafu Josef akataka kutupiga picha, ndiyo ile ambayo vijana hawakuitaka.

Jioni ile tuliwapikia ugali kwa unga tuliokuja nao, na dagaa wa Nyasa ambao harufu yake ilimfanya Gerda afungue madirisha yote. Meinrad alimfundisha Josef kufinya tonge. Sikusema naye sana, wala siku zilizofuata hatukuwa watu wapya, asije mtu akafikiri hivyo. Bado alikula haraka. Bado asubuhi alinuna. Lakini Roma, ambako parokia yao ilitupeleka kwa basi mwisho wa majira yale, tulikaa kwenye kivuli cha ule uwanja mkubwa wa mawe uliobomoka, miguu imenivimba, naye akaniuliza mtoto alifanana na nani. Aliuliza akitazama mbele. Nilimwambia: na wewe, paji la uso. Nikamweleza yote, homa ilivyoanza, nani alinisindikiza hospitali, mvua ilivyokuwa. Watu wa mataifa yote walipita mbele yetu na makofia yao, wenzetu wa basi wakaenda na wakarudi. Kama mtu akiniuliza niliona nini Roma, hicho ndicho nilichoona.

Tuliporudi Songea, nyumba ya Mjimwema ilijaa watu kusikia habari. Meinrad alikuwa anasimulia, mimi namsahihisha. "Mnara ulikuwa na ngazi mia tisa." "Usiwaongopee, hukuzihesabu." "Nilikuwa nahesabu huku nakungoja." Watu walicheka. Nilikuwa sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo kwenye nyumba ile. Na nilikuwa najua, naye alikuwa anajua, kwamba Kastori ameshapata habari kuwa tumefika.

Walikuja yeye na baba mkubwa asubuhi, kwa gari la mizigo lililotoka Namtumbo. Tuliwapa shikamoo, tukawapa viti na togwa, tukaulizana habari za mashamba. Ilipofika wakati wa maneno, Kastori aliweka kikombe chini. "Haya dada. Ndege imeshatua."

Baba mkubwa alimwambia Meinrad aseme yeye kwanza. Meinrad alisema hana shtaka na mke wake. Alisema, "Mimi ndiye niliyechelewa. Akitaka kwenda nitambebea mizigo mpaka Lusewa."

"Mume wa namna gani anambebea mizigo mke anayemkimbia?" Kastori akauliza.

"Wa namna hii," alisema Meinrad, na alisimama akatoka nje kwa mlango wa uani. Sikupenda alivyotoka. Nilidhani anakimbia maneno, kama zamani.

Baba mkubwa akanigeukia. Alikuwa mzee wa maneno machache na alitaka machache. "Unakuja au unabaki?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi mingi kusema jambo moja, na sikuwa nimejiandaa kusema jingine. Nilimwambia kwamba yale ya nyuma hayajafutika, asifikiri nimeyasahau kwa ajili ya keki na makanisa. Nilimwambia kwamba kule tulipelekwa kila wiki kutazama vitu vya zamani vya watu, na wenyewe wanavipenda hata vikiwa vimebomoka upande. "Baba mkubwa," nilisema, "na mimi nataka kuwa na cha kwangu cha zamani. Nikianza upya Lusewa sitawahi."

Kastori alifungua mdomo, baba mkubwa akamwonyesha kiganja. "Amesema," alisema. "Tule, gari halitungoji."

Nikainuka kwenda jikoni, maana kuku alikuwa tayari na wanawake kwetu hula huko. Meinrad alikutana nami mlangoni ameshika birika na beseni, kitambaa kimening'inia begani, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya. Alimnawisha baba mkubwa. Akamnawisha Kastori, aliyenyoosha mikono huku anatazama pembeni kwa haya. Kisha akageuka akaja nilipokuwa nimesimama, akaniwekea beseni, akangoja. Kunawishwa pale maana yake ni kula pale. Nilikunja mikono ya gauni nikainamisha viganja, na maji yakashuka. Yalikuwa ya moto, ya moto wa kukaa jikoni muda mrefu. Alikuwa ameyabandika kabla sijajibu.